Kisanduku cha Wasiokutanishwa

KINYOZI: Haya, imeita. Dada? Dada, unanisikia?

REFA: Nani mwenzangu? Hii namba siijui.

KINYOZI: Mimi, mdogo wako! Simu yangu imezima. Hii kaniazima yule daktari wa meno, kaniambia nisiongee sana, na mimi nimeshaanza kuongea sana—

REFA: Salamu kwanza.

KINYOZI: Shikamoo.

REFA: Marahaba. Hujambo?

KINYOZI: Nina jambo, dada. Nina mambo! Ukumbi umejaa, viti vimeisha, watu wengine wamekaa madirishani. Mwalimu wa hesabu kila akipita ananiuliza tunaanza saa ngapi. Na hii kompyuta yako inanihoji kama askari wa mpakani. Jina la mashindano, aina ya mashindano, raundi, pointi, sijui nini. Mimi ni kinyozi! Nimezoea swali moja tu, tupunguze au tunyoe zote.

REFA: Usinichekeshe. Nakuomba. Nikicheka vipele vinawasha.

KINYOZI: Vimefika wapi?

REFA: Mpaka ndani ya masikio. Mtu mzima mwenye watoto, naugua tetekuwanga! Mama kanipaka dawa nyeupe kuanzia utosini hadi visiginoni kabla hajatoka kuja huko. Nimelala kwenye chumba chetu cha zamani, ukiingia utadhani mmepaka ukuta chokaa.

KINYOZI: [anacheka] Piga picha utume.

REFA: Nitakutumia laana. Haya, mashindano ya mwaka mzima yako mikononi mwako, tuanze. Programu umeifungua?

KINYOZI: Imefunguka. Nimeandika jina, "Mashindano ya Sataranji ya Ukumbi wa Maktaba". Sasa kuna sehemu ya mfumo. Hapa pamejiandika "mtoano".

REFA: Toa! Toa hiyo haraka!

KINYOZI: Kwani ina nini?

REFA: Ukiacha mtoano, anayefungwa mara moja anakwenda nyumbani. Nusu ya watu watakuwa barabarani kabla chai yao haijapoa. Kuna mama mmoja anapanda gari mbili kuja kucheza hapo. Chagua Uswisi.

KINYOZI: Uswisi? Na pasipoti je?

REFA: [anacheka] Nimekwambia usini— aa, mgongo! Sikiliza, bwana. Mfumo wa Uswisi maana yake hakuna anayefukuzwa. Raundi ya kwanza kila mtu anapewa mpinzani. Raundi ya pili aliyeshinda anakutana na aliyeshinda mwenzake, aliyefungwa na aliyefungwa mwenzake. Hivyo hivyo mpaka mwisho.

KINYOZI: Kumbe. Mfumo wa watu wenye huruma.

REFA: Ndiyo. Umechagua?

KINYOZI: Nimechagua. Raundi?

REFA: Tano.

KINYOZI: Tano... eh. Imeandika hamsini na tano.

REFA: Mtazeekea hapo. Kibonye cha tano kinanata, kiguse kama unagusa kichwa chenye jipu.

KINYOZI: Hapo umeongea lugha yangu. Tano. Tayari. Sasa inasema, "Mchezaji asiye na mpinzani apewe nini?"

REFA: Pointi moja.

KINYOZI: Moja nzima? Kwa kukaa tu?

REFA: Kama watu hawagawanyiki kwa mbili, mmoja anabaki peke yake. Siyo kosa lake.

KINYOZI: Mimi mbona nimebaki peke yangu miaka yote na hakuna aliyenipa hata nusu pointi?

REFA: Wewe ni mchaguzi. Endelea.

KINYOZI: "Waliolingana pointi watenganishwe kwa—" dada, hapa kuna maneno mengi, yote marefu.

REFA: Tafuta linalosema jumla ya pointi za wapinzani. Yaani tukilingana mimi na wewe, tunaangalia nani kacheza na watu wagumu zaidi.

KINYOZI: Limeonekana. Sasa, "Mpangilio wa mwanzo". Kwa uwezo, kwa herufi, au kwa bahati nasibu?

REFA: Bahati nasibu. Klabu yetu haina viwango. Tukisema tupange kwa uwezo kila mtu atasema yeye ndiye wa kwanza, na mwalimu wa hesabu ataleta ushahidi.

KINYOZI: [kwa sauti ya chini] Anakuja. Anakuja huku. ...Ndiyo mwalimu, dakika chache tu, mwalimu. Mitambo, mwalimu. ...Amekwenda.

REFA: Kamwambie akae. Majina umeingiza?

KINYOZI: Yote. Hata ya Mama.

REFA: Na—

KINYOZI: Na ya Baba. Amefika. Amekaa pembeni ya mlango. Mama amekaa mbele, karibu na feni. Katikati yao kuna ukumbi mzima na watu wote waliomo.

REFA: Wamesalimiana?

KINYOZI: Mama kaniambia, "Muulize baba yako kama amekula." Baba alikuwa hatua chache tu kutoka pale. Nikamwuliza. Akasema, "Mwambie mama yako nimekula, nashukuru." Nikarudi nikamwambia. Nimegeuka posta.

REFA: Haya. Umefika ukurasa wa mwisho?

KINYOZI: Nimefika. Hapa kuna kisanduku kimoja kitupu. Kimeandikwa "Wasiokutanishwa". Ni cha nini?

REFA: Hicho... hicho ni cha watu ambao hutaki wapangwe pamoja. Ndugu, kwa mfano. Au watu wa shule moja, wasije wakapeana ushindi. Unaandika majina yao mawili, basi programu haitawaweka meza moja hata iweje.

KINYOZI: Aaa.

REFA: Mimi huwa nakijaza kila mwaka.

KINYOZI: Najua.

REFA: Tangu Baba ahamie kwenye chumba cha karakana yake ya useremala.

KINYOZI: Najua, dada.

[mtandao unakwaruza]

KINYOZI: Unajua yeye alidhani anamfurahisha. Siku ile. Kanipitia saluni, kafurahi kweli, kaniambia, "Leo mama yako ataruka." Mashine mpya ya kushonea, ya umeme, inatoboa matundu ya vifungo yenyewe—

REFA: Na ile ya bibi kaiuza bila kumwuliza. Ile ya kukanyaga kwa miguu. Mama alijifunza kushona juu ya mapaja ya mama yake kwenye mashine ile ile.

KINYOZI: Hakujua.

REFA: Najua hakujua. Mama naye anajua kwamba hakujua. Basi hata neno hakusema. Angepiga kelele yangeisha siku ile ile. Mzee akaenda kulala karakana usiku mmoja ili mambo yapoe.

KINYOZI: Yamepoa mpaka yameganda.

REFA: Hmm.

KINYOZI: Kwa hiyo, dada. Kisanduku.

REFA: Unakiona kipo wazi?

KINYOZI: Kipo wazi. Kishale kinapepesa humo humo ndani.

REFA: Mwalimu wa hesabu amekaa?

KINYOZI: Amesimama. Anatazama saa ya ukutani.

REFA: Basi hatuna muda, watu wanasubiri. Nenda chini, kuna kitufe kimeandikwa "Panga raundi ya kwanza".

KINYOZI: Nibonyeze?

REFA: Mimi sijui. Mimi nina homa.

KINYOZI: Nabonyeza.

REFA: Mtandao unakata, sikusikii vizuri—

KINYOZI: Nimebonyeza! Kinazunguka. Kinazunguka... Kimetoka. Meza ya kwanza, daktari wa meno na yule dada wa posta. Ya pili, mwalimu wa hesabu na fundi wa mafriji. Ya tatu, hawa siwajui. Ya nne, vyeupe...

REFA: Vyeupe nani?

KINYOZI: Vyeupe, Mama.

REFA: Na vyeusi?

KINYOZI: Ngoja, nisome tena.

REFA: Wewe! Vyeusi nani?

KINYOZI: Dada.

REFA: Hapana.

KINYOZI: Ndiyo.

REFA: Hapana!

KINYOZI: Haki ya nani tena! Baba! Vyeusi, Baba! Watu wote hawa wamejazana humu, na kompyuta imekwenda kuwatafuta hawa wawili—

REFA: Yesu na Maria! Mungu wangu! Subiri nikae. Nimesimama juu ya kitanda.

KINYOZI: Unafanya nini juu ya kitanda?

REFA: Sijui! Nimejikuta!

KINYOZI: [anacheka mpaka anakohoa] Watu wananitazama. Dada, nifanyeje? Nifute? Kuna kitufe cha "Futa upange upya". Nakiona hapa, chekundu.

REFA: Unaweza kufuta.

KINYOZI: Nifute?

REFA: Nimesema unaweza.

[kitanda kinalia, amekaa]

REFA: Printa ina wino?

KINYOZI: Ina.

REFA: Na karatasi?

KINYOZI: Zimo tele.

REFA: Basi chapa. Bandika. Halafu simama mbali na ukuta.

[mlio wa printa, sauti za watu, kiti kinaburuzwa]

KINYOZI: Nimebandika. Watu wanasukumana kama wanagawiwa sukari. Mwalimu wa hesabu kapiga mahesabu yake, karidhika. Mama anakwenda. Anavaa miwani. Anapitisha kidole... anashuka... kidole kimesimama.

REFA: Uso je?

KINYOZI: Siuoni, kanipa mgongo. Hajasogea. Sasa anageuka. Ananitazama mimi, dada! Ananitazama!

REFA: Angalia pembeni! Jifanye unarekebisha waya!

KINYOZI: Narekebisha waya. Narekebisha waya... Amepita. Haa! Amekwenda meza ya nne. Amekaa. Anapanga vipande vyake. Anavipangusa kimoja kimoja kwa kitambaa.

REFA: Amekaa. Mama amekaa. Na Baba?

KINYOZI: Anasoma sasa hivi. Kasogea karibu na karatasi. Kasogea zaidi. Pua imegusa ukuta. Anageuka... dada.

REFA: Nini?

KINYOZI: Ametoka nje.

REFA: Nje wapi?

KINYOZI: Nje, nje! Kapita mlangoni bila kutazama mtu. Nimkimbilie?

REFA: Huwezi, wewe ndiye refa. Ukitoka hapo nani ataanzisha raundi?

KINYOZI: Mama kamwona. Kamwona akitoka. Anaendelea kupangusa mfalme. Mfalme ameshang'aa, dada, lakini bado anampangusa.

REFA: Labda kaenda chooni. Anzisha. Saa zibonyezwe. Saa yake itakwenda mpaka arudi.

KINYOZI: [kwa sauti kubwa, mbali na simu] Wachezaji, shikaneni mikono! Bonyezeni saa! ...Tayari. Wamebonyeza. Mama yuko peke yake, kasogeza askari wa mbele ya mfalme, kabonyeza saa. Anatazama kiti kitupu. Kompyuta inauliza nani hayupo mezani, nimemweka alama Baba. Eh! Eh, subiri, hii kompyuta imefanya nini tena?

REFA: Imefanya nini?

KINYOZI: Mstari wa meza ya nne umekuwa mwekundu. Imeandika, "Vyeusi hayupo. Ushindi kwa vyeupe. Thibitisha?"

REFA: Kwenye muda wa kuchelewa uliweka ngapi?

KINYOZI: Muda gani wa kuchelewa? Hukuniambia!

REFA: Sikukwambia? Ooo. Ukiacha bila kujaza inakuwa sifuri. Asiyekuwepo mezani raundi inapoanza amefungwa papo hapo.

KINYOZI: Na mwalimu wa hesabu huyu hapa begani kwangu, ameshaisoma. Anasema— mwalimu, rudi ukacheze, saa yako inakwenda! —anasema sheria ni sheria, mpe mama pointi yake. Mama naye amesikia. Anatazama huku. Dada, nikithibitisha yamekwisha, kila mtu na njia yake!

REFA: Usiguse! Mkono mbali! Tangazo nililobandika mlangoni linasemaje?

KINYOZI: Linasema... ngoja... "Mchezaji atakayechelewa zaidi ya robo saa atapoteza mchezo."

REFA: Hiyo ndiyo sheria. Watu wamekuja kwa tangazo lile. Mwambie mwalimu programu ndiyo imekosea, tunairekebisha ifuate tangazo. Bonyeza "Hapana". Rudi kwenye mipangilio. Umeona "Muda wa kuchelewa"? Andika kumi na tano. Kwa uangalifu, kile cha tano kinanata.

KINYOZI: Kumi na... mia moja hamsini na tano. Futa. Kumi na tano. Hifadhi. Umerudi kuwa mweupe! Mstari umerudi mweupe!

REFA: Mwalimu?

KINYOZI: Kaenda kusoma tangazo la mlangoni. ...Kasoma. Kaweka mikono mfukoni. Karudi kwa fundi wa mafriji, ambaye amemla ngome wakati huo huo.

REFA: [anacheka] Safi. Sasa Baba. Nenda dirishani uchungulie. Dirishani tu.

KINYOZI: Nachungulia. Yuko pale bombani, kwenye bustani ya maktaba. Ananawa uso. Sasa ana— dada, ananawa mpaka shingo. Anapiga shati maji kulinyoosha. Kaniona!

REFA: Jifiche!

KINYOZI: Amekuja dirishani. Ngoja. ...Ndiyo, Baba. ...Hili? ...Shika, Baba. ...Hapo nyuma bado, Baba. Kushoto.

REFA: Anasema nini? Anataka nini?

KINYOZI: Kaniomba chanuo.

REFA: Mamaa!

KINYOZI: Baba yetu! Miaka yote namwambia njoo saluni nikuweke sawa, ananiambia mbao hazitazami nywele. Leo kaniomba chanuo kupitia dirishani! Na nyuma hawezi hata kuchana, nimemchana mimi, nusu ya mwili wangu iko nje!

REFA: Nalia. Dawa yote inatiririka. Nalia, wallahi.

KINYOZI: Anaingia. Mlangoni... anapita meza ya kwanza, ya pili... Amefika. Amesimama nyuma ya kiti.

REFA: Na Mama?

KINYOZI: Anatazama ubao.

REFA: Baba kakaa?

KINYOZI: Amekaa. Wanashikana mikono sasa, ile ya kuanza mchezo. Sheria inawalazimisha, eti?

REFA: Inawalazimisha.

KINYOZI: Sheria nzuri sana hii. Wameachiana. Baba kasogeza askari. Mama kajibu hapo hapo. Baba tena. Wanakwenda mbio kama—

[mtandao unakwaruza, sauti inapotea]

REFA: Haloo? Haloo! Usinifanyie hivi sasa hivi! Haloo!

KINYOZI: —mpaka hapo. Umesikia?

REFA: Sijasikia kitu! Rudia!

KINYOZI: Nimesema wanacheza kama watu wanaojuana. Mmoja hajaweka kipande chini, mwenzake ameshajua atajibu nini. Daktari wa meno kaacha meza yake kaja kutazama.

REFA: Baba ndiye aliyemfundisha. Kabla hawajaoana. Alichonga ubao mwenyewe kwa mabaki ya mbao, akawa anakwenda nao kwa kina Mama kila Jumapili, babu anadhani wanacheza mchezo wa watoto.

KINYOZI: Dada. Dada, kuna tatizo.

REFA: Nini tena?

KINYOZI: Wanaongea.

REFA: Nani?

KINYOZI: Hao! Meza ya nne! Mama kasema kitu, Baba kajibu. Sheria inasema wachezaji wasiongee mchezo ukiendelea. Mimi ndiye refa. Niwape onyo?

REFA: Ukithubutu! Ukithubutu natoka hapa na vipele vyangu nije nikuambukize!

KINYOZI: Nauliza tu!

REFA: Sogea karibu usikie. Jifanye unakagua saa. Simu weka mfukoni, usikate.

[mchakacho wa kitambaa, hatua, sauti za vipande vikigonga ubao]

KINYOZI: Nimerudi. Nimerudi, uko hapo?

REFA: Nikaende wapi? Sema!

KINYOZI: Mama kamwambia, "Umekonda." Bila kuinua macho.

REFA: Mimi hoi. Na yeye?

KINYOZI: Kasema, "Ni shati tu, limekuwa kubwa." Mama akasema, "Na hicho kifungo nani kashona?" Baba akasema, "Mimi." Mama akakitazama. Akasema, "Kinaonekana. Umeshona kwa uzi wa gunia."

REFA: [anacheka na kulia] Uzi wa gunia!

KINYOZI: Halafu Baba akasogeza farasi. Halafu akasema, polepole, mimi hapo nimeinama naangalia saa kama mjinga... akasema, "Ile mashine nimeitafuta. Nimekwenda mpaka kwa aliyeinunua. Alishaiuza mbali."

REFA: Alikwenda kuitafuta?

KINYOZI: Mimi nilikuwa sijui.

REFA: Hata mimi. Na Mama kasema nini?

KINYOZI: Aliendelea kutazama ubao. Nikadhani hakusikia. Kisha akasema, "Cheza. Saa yako inakwenda."

REFA: Kasema kwa sauti gani?

KINYOZI: Sauti gani sijui. Sauti ile anayokwambia nayo umalize chakula.

REFA: Sawa. Hiyo sauti naijua. Sasa wako wapi kwenye mchezo? Malkia wa Baba yuko wapi?

KINYOZI: Nikinyanyua shingo... yuko katikati. Karibu na farasi wa Mama.

REFA: Karibu vipi? Farasi anaruka mbili na moja. Hesabu.

KINYOZI: Mbili... na moja. Dada, anamfikia.

REFA: Anamfikia malkia?

KINYOZI: Anamfikia kabisa! Baba kamwacha wazi! Macho yake yote yako kwa Mama, kamwacha wazi!

REFA: Basi kwisha. Mama hajawahi kuacha kitu kwenye ubao. Mimi mwanawe wa kuzaa alinila malkia siku ya harusi yangu.

KINYOZI: Ameona. Ameinua mkono. Mkono uko juu ya farasi. Baba naye ameona sasa, kafumba macho. Mkono uko juu... Mama kaurudisha. Kauweka chini ya kidevu.

REFA: Anafikiri nini? Hapo hakuna cha kufikiri!

KINYOZI: Anamtazama Baba. Kwa mara ya kwanza leo. Kasema kitu. Nimesikia! Kasema, "Sare?"

REFA: Nini?

KINYOZI: Mama kaomba sare!

REFA: Mama? Mama yetu? Ana malkia wa bure mezani na anaomba sare?

KINYOZI: Baba kamwambia, "Usinihurumie." Mama kasema, "Sikuhurumii. Nimechoka. Wewe hujachoka?"

[vipande vinagonga ubao kwenye meza nyingine]

KINYOZI: Baba kanyoosha mkono. Wameshikana mikono. Wamesimamisha saa. Mikono... dada, mikono bado.

REFA: Bado nini?

KINYOZI: Hawajaachiana. Mchezo umekwisha na hawajaachiana. Watu wa meza ya tano wamewaona, wameacha kucheza. Dada wa posta kaanza kupiga makofi! Mwalimu wa hesabu anasema "shhh", lakini na yeye anacheka, hebu ona, ana mwanya kumbe!

REFA: Narukaruka. Mdogo wangu, narukaruka chumba kizima. Kitanda cha zamani kimevunjika mbao moja.

KINYOZI: Nijaze nini kwenye kompyuta? Nifundishe haraka, macho yangu hayaoni vizuri, yana... kuna vumbi humu.

REFA: Bonyeza meza ya nne mara mbili. Chagua nusu kwa nusu. Hifadhi.

KINYOZI: Nusu... kwa nusu. Imekubali. Imeweka alama ya kijani. Wanakuja.

REFA: Wanakuja wapi?

KINYOZI: Kwangu. Wote wawili. Wanatembea sambamba. Nifiche simu?

REFA: Usifiche!

KINYOZI: [mbali na simu] Ndiyo, Mama. ...Kompyuta hii? ...Sijui, ngoja nimwulize mwenyewe. [karibu] Dada. Mama anauliza kama hii kompyuta inaweza kuwapanga tena wao wawili, raundi ya pili.

REFA: [anapiga kelele ya furaha] Kasema tena?

KINYOZI: Punguza sauti, wanakusikia! Anasema mchezo haukwisha vizuri.

REFA: Mwambie haiwezekani. Mfumo huu waliokwisha kutana hawakutanishwi tena mpaka mashindano yaishe. Hapo hakuna kisanduku, hakuna kitufe, hata mimi siwezi.

KINYOZI: [mbali] Anasema haiwezekani, Mama. ...Eti, "Hata nikimwomba mimi niliyemzaa?"

REFA: Mwambie refa amekataa. Mwambie wakitaka kukutana tena, waende wakakutane kwenye nyumba yao. Sema hivyo hivyo. Yao. Itamke vizuri.

KINYOZI: Nitapigwa.

REFA: Utapigwa ukiwa na furaha. Sema!

[sauti za mbali]

KINYOZI: Nimesema.

REFA: Na?

KINYOZI: Mama anatazama dari. Baba anakuna shingo... Baba anauliza kitu. Anamwuliza Mama, si mimi, anamwuliza yeye mwenyewe. Anauliza kama mlango wa nyuma bado unakwama.

REFA: Mlango gani wa nyuma?

KINYOZI: Wa jikoni. Mama kasema, "Unakwama sana. Siku hizi nausukuma kwa bega. Njoo jioni na randa uukate kidogo."

REFA: Haukwami!

KINYOZI: Unasema?

REFA: Haukwami! Mama alimwita fundi zamani, ukapigwa randa ukawa sawa, sasa hivi unafunguka kwa kidole kimoja! Mama anadanganya! Mama yetu anadanganya waziwazi!

KINYOZI: [anacheka, sauti ya chini] Dada. Baba keshasema atakuja. Kasema atapitia karakana achukue randa na msasa.

REFA: Basi tumekwisha! Akifika akakuta mlango unateleza kama siagi?

KINYOZI: Ukwamishe!

REFA: Mlango mzima unakwamishwaje?

KINYOZI: Mbao inavimba ikilowa. Baba husema kila siku. Mwagia maji!

REFA: Mwagia maji?

KINYOZI: Ndoo mbili, tatu! Anza sasa hivi, ifikapo jioni utakuwa umevimba vizuri— dada, simu inalia tii, salio la daktari linakwisha—

REFA: Na mimi na hii homa! Ndoo iko wapi? Mama kaiweka wapi ndoo?

KINYOZI: Nyuma ya jiko! Dada, na raundi ya pili je, nibonyeze wapi?

REFA: Popote! Bonyeza popote, utafika! Naenda, kwaheri, kwaheri mdogo wangu—

KINYOZI: Lowesha chini zaidi! Chini ndiko kunako—

[salio limekwisha]